Laki na nusu kwa watoto watatu: nani analipa kinachobaki?

Dada mmoja wa Arua, hapa kwetu Uganda, aliniandikia wiki iliyopita. Ana watoto wawili, mkubwa yuko P4 (darasa la nne) na mdogo anaanza shule mwakani. Baba yao amesimama mbele ya wazee akasema atatoa laki moja kila mwezi ya matumizi ya watoto, na wazee wamemsifu, maana wengine hawatoi hata mia. Sasa wanamtaka dada huyu atie sahihi. Aliniuliza kama akubali, kisha akaandika: "Nisaidie dada, sitaki wanione nina tamaa."

Nimeamua kumjibu hapa hadharani, kwa sababu najua wanaosoma ukurasa huu ni mama kama mimi, wanaotaka watoto wao wasome mpaka mbele kuliko walipofika wao. Hofu ya kuitwa mwenye tamaa naijua vizuri. Niliishi nayo kwa miaka, na watoto wangu ndio walioilipia.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Jinja, nashona sare za shule. Nilikulia kambini, marehemu baba alikuwa mwanajeshi, ndiyo sababu nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili mpaka leo. Baba wa watoto wangu ni dereva wa lori, anatoka Mombasa na mzigo, anapita Malaba, mara nyingine anafika mpaka Juba. Tulipoachana tulikuwa na watoto watatu na wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa kaka yake mkubwa. Shemeji akamgeukia mdogo wake akamuuliza, "Wewe unaweza kutoa ngapi?" Akajibu, laki na nusu. Shemeji akanigeukia mimi: "Umesikia, mama?" Nikaitika. Karatasi ikaandikwa, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akagonga muhuri, tukanywa soda. Katika kikao kizima hakuna aliyeuliza watoto wale wanakula nini, wanalala wapi, mmoja akiugua inakuwaje. Aliulizwa baba anaweza nini, basi, na jibu lake likawa ndiyo gharama ya kulea watoto watatu.

Tuihesabu hiyo laki na nusu, kwa bei za mtaani kwangu. Ningekuwa peke yangu ningepanga chumba kimoja. Kwa watoto watatu, na wawili wakiwa wasichana wanaokua, ilibidi nichukue vyumba viwili, na hicho cha pili peke yake ni 120,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla sijawasha makaa, nimebaki na 30,000. Hapo bado posho (unga wa mahindi), maharage, sukari, maziwa ya mdogo na sabuni. Nauli ya boda ya wa kwanza kwenda shule, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, inamaliza hiyo 30,000 kabla wiki ya pili haijaisha. Karo bado sijaitaja.

Na karo yenyewe watu wanadhani ndiyo mwisho wa habari. Mtoto anapopewa karatasi ya kufungua muhula, chini ya karo kuna orodha: rimu za karatasi, karatasi za chooni, ufagio, sukari, sabuni, pesa ya mitihani, pesa ya chakula cha mchana. Wanaosema "mpeleke shule ya serikali, UPE ni bure", yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nawaomba waisome Sheria ya Elimu ya 2008. UPE ilianza 1997, ndiyo, lakini sheria hiyo inaeleza wazi kwamba chakula, mavazi, matibabu na usafiri wa mwanafunzi ni jukumu la mzazi au mlezi. Bure inaishia kwenye ada ya kufundishwa. Hospitali ni hivyo hivyo. Tangu 2001 matibabu katika vituo vya serikali hayalipiwi, lakini mama yeyote wa Jinja anajua maana ya kuandikiwa dawa na kuambiwa uende ukainunue nje.

Mtoto wangu wa kati ana pumu. Dawa yake ya kuvuta haisubiri mwisho wa mwezi.

Halafu kuna gharama isiyo na risiti. Februari, shule zinapofunguliwa, ndipo fundi kama mimi anapata pesa ya mwaka. Mtoto akishikwa na malaria wiki hiyo, cherehani inasimama na mteja anakwenda kwa jirani. Baba akisikia atauliza dawa ilikuwa ngapi, atatuma 15,000 na kuona amemaliza. Siku zangu za kazi zilizopotea hazimo kwenye hesabu yake. Hata hiyo 15,000 ameituma bila pesa ya kutolea, wakala anachukua chake na serikali inachukua 0.5% yake.

Sasa niwaambie lililoniuma kuliko yote. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zikaja kufunguliwa kwa watoto wote Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kama sisi. Mimi ninayeshona sare, fikirieni. Nilishona barakoa, nilibadilisha zipu, nilipunguza suruali za watu, chochote kilicholetwa. Malori ya mizigo hayakusimama, madereva walipimwa mpakani na kuendelea na safari, mshahara ukaendelea. Na mwezi wa pili wa kufungwa, baba watoto alinipigia akaniambia: "Shule imefungwa, sasa pesa ya nini?"

Watoto watatu wako nyumbani kutwa, wanakula mara tatu, chakula cha mchana cha shuleni hakipo, na yeye anauliza pesa ya nini. Nikaelewa kwamba kichwani mwake watoto hawali, wanasoma tu. Na nadhani hayuko peke yake. Wanaume wengi wanaona mtoto ana gharama mwezi wa pili, wa tano na wa tisa tu, karo inapodaiwa.

Tulikula kwa nguvu za mama yangu. Alikuwa na kishamba cha mihogo na mboga upande wa Buwenge, akawa anatuma gunia kwa gari la abiria. Binti yangu mkubwa alikaa na mdogo wake ili mimi nitoke kutafuta. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, mama wenzangu, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Pesa ya matumizi isipotosha, kile kinachopungua hakipotei hewani. Yuko mtu anayekilipa. Bibi analipa kwa jembe. Binti mkubwa analipa kwa muda wake wa kusoma. Wewe unalipa kwa mgongo wako, kwa meno usiyoyatibu, kwa mkopo wa sacco unaolipa mpaka unazeeka. Baba akisema laki na nusu imetosha mbona watoto wako hai, mwambie wako hai kwa sababu wengine walijazia.

Mwaka 2022 bei zikapanda, Oktoba mfumuko ulifika 10.7%, sabuni na mafuta ya kupikia havikushikika. Laki na nusu ilikuwa ile ile ya siku ya soda. Yule aliyekuwa ananyonya sasa anavaa kiatu cha shule, na karatasi yenye muhuri wa LC bado inamhesabu kama mtoto wa maziwa.

Nikanunua kaunta buku, daftari kubwa. Kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya watoto niliiandika: posho, makaa, boda, dawa ya pumu, kusuka nywele, kalamu zinazopotea kila wiki. Pembeni niliandika kila alichotuma, na ujumbe wa simu sikuufuta. Baada ya mihula kadhaa nikaenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, akamwita, hakuja, akamwita tena. Mwishowe nikaelekezwa Mahakama ya Familia na Watoto. Sitawachosha na habari za kuahirishwa.

Siku aliyokuja alileta karatasi ya mshahara, na mshahara ulioandikwa pale ulikuwa mdogo kweli. Dereva wa masafa marefu anaishi kwa pesa ya safari, na hiyo haiandikwi pale. Mimi nilitoa kaunta buku. Hakimu akaifungua, akafunua kurasa taratibu, akamuuliza, "Hii dawa ya kuvuta inayojirudia kila mwezi ni ya nani?" Baba watoto akanitazama mimi. Hakujua kwamba mwanawe ana pumu.

Mwezi uliopita agizo limetoka: 400,000 kwa mwezi, nusu ya karo ailipe moja kwa moja shuleni, na matibabu tugawane. Nasema kwa fahari, niliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa kalamu ya mia tano. Waliokuwa wananiambia naivua familia nguo, leo wananipigia kuuliza nilianzia wapi.

Nilianzia kwa kuandika, na ndiyo ninalowaambia kila mara. Andika. Usiende kwenye kikao na kilio, nenda na daftari. Andika na kodi ya nyumba, maana wengi wanaiacha wakidhani ni yao wenyewe, na mtoto halali mtini. Andika na siku ulizofunga kazi. Kisha kata karo iwe mbali na matumizi, na ilipwe shuleni, ili asije akakuambia amekwisha kutoa wakati watoto hawajala. Na ujue kwamba agizo la mahakama halikufungi maisha yote, hali ikibadilika unarudi kuomba libadilishwe. Mtoto wa miaka mitatu si wa miaka kumi na mitatu. Andika, dada yangu, hata 500 ya pipi iandike.

Sheria iko upande wa mtoto. Katiba ya 1995, kifungu cha 31, inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, wote wawili. Sheria ya Watoto inataja chakula, mavazi, makazi, matibabu, chanjo na elimu. Haisemi karo peke yake. Unaweza kudai matumizi hata mimba ikiwa tumboni, mpaka mtoto atimize miaka 18, muwe mmeoana au la. Baba anayelea peke yake naye anaweza kumdai mama, nami nawaheshimu sana baba hao. Ila sheria yetu haina jedwali la kusema mtoto mmoja ni shilingi ngapi, hakimu anapima mwenyewe, kwa hiyo usipomletea gharama ya mtoto atapima kwa kile alichowekewa mezani, yaani mfuko wa baba.

Wala msidhani wenye majedwali wamemaliza tatizo. Binamu yangu yuko Uingereza, huko serikali inakokotoa: kwa kawaida mtoto mmoja 12% ya pato la mzazi anayelipa, wawili 16%, watatu au zaidi 19%. Ni vizuri, hakuna kikao wala soda. Lakini tazama wanapoanzia: kwenye pato. Mtoto mwenye pumu na asiye na pumu wanapewa asilimia ile ile.

Na ninyi baba zetu mnaosoma hapa, najua mpo. Siwaombi muwe matajiri. Anayepata kidogo atoe kidogo kwa haki, Mungu anamwona, na mimi nitamtetea. Ninachokataa ni kukadiria mtoto usiyemuona kwa bei ya siku ulizokuwa ukimuona. Kaa naye wiki moja ya likizo. Mnunulie chakula, mfulie, mpeleke kliniki usiku na boda, mlaze, amka naye. Kisha ndipo utaje kiasi. Mwanamume anayejua mtoto wake anakula vipande vingapi vya mkate asubuhi hawezi kukaa mbele ya wazee akataja laki moja kwa wawili huku ana kazi. Mwogopeni Mungu katika hili, watoto wanakua na wanakumbuka nani alikuwa wapi.

Dada wa Arua, usitie sahihi kwanza. Waambie wazee kwa heshima, "Baba zangu, naomba mwezi mmoja niandike wanachotumia watoto, kisha tuketi tena." Hapo hakuna tamaa yoyote, ni hesabu. Hata wakikulazimisha, karatasi yao haikuzuii kwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na kituo cha polisi kina dawati la familia na watoto. Wanasheria wanawake wa FIDA Uganda wanasaidia bila malipo, waulizie. Beba vyeti vya kuzaliwa, au kadi za chanjo kama vyeti huna, karatasi za shule, na ujumbe wote wa pesa aliyokutumia. Nenda asubuhi mapema, umwachie mtu mtoto mdogo, maana foleni ni ndefu. Na nauli ya siku hiyo, iandike nayo.