Maswali ya Wasomaji: Bibi, Mjukuu na Kitabu

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Tangu mdogo hakai ila kwa bibi yake, mama yangu mimi, na sasa kila jioni humchukulia kitabu akamsomee. Furaha yao naiona kwa macho. Lakini bibi hajapita skuli, anasoma msahafu tu, na mtoto namshuku anasoma kwa ghibu: kitabu kiko mbele, macho yako juu ya dari. Niwaache, au nimtafutie mwalimu wa jioni?
Mama, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Waache, tena uwape nafasi zaidi. Mtoto wa umri huo anahitaji msikilizaji mwenye subira kuliko mkosoaji, na bibi ana kitu ambacho walimu wengi vijana wangekitamani: Kiswahili anakijua mpaka mizizini. Kitabuni pameandikwa "kuku akapanda juu ya paa", mtoto akasoma "juu ya papa". Hapo hakuna haja ya kuijua herufi. Bibi atashituka mwenyewe, aseme tu: "Sijafahamu, baba, hebu nirudie." Mtoto atarudi kwenye mstari, ataangalia vizuri, atajisahihisha. Kosa alilolirekebisha mwenyewe halimrudii upesi.

La muhimu ni wakati wa kusema. Bibi angoje sentensi iishe. Mtoto akikwama katikati ya neno, ahesabu kimoyomoyo mpaka 5 kabla ya kumsaidia. Akidakwa kila neno huacha kufikiri, akangoja kuambiwa.

Kuhusu ghibu usiwe na hofu. Mtoto wa chuo cha Kurani amezoea kuhifadhi, na kuhifadhi kitabu akipendacho ni hatua ya kusoma. Ukitaka kujua alipofika, fungua ukurasa wa katikati, funika picha kwa kiganja, mwambie: "Nioneshe neno fisi liko wapi." Kisha asome mstari wa mwisho kabla ya wa kwanza. Akipotea, kitabu hicho amekihifadhi. Usimgombeze, mbadilishie kitabu. Cha kumfaa utakijua kwa vidole vya mkono mmoja: asome ukurasa, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vikikunjwa vyote 5, kitabu bado kizito; bibi amsimulie yeye kwa kuangalia picha, wakirejee baada ya miezi kadhaa. Kisipokunjwa hata kimoja, hicho ni cha raha. Na vya raha viwe vingi, kwani ndivyo vinavyomfanya arudi kesho.

Angalia pia mahali anapokwama. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo vikwazo si vingi: ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, m na n zinazosimama peke yake, kama m-tu na n-chi, na maneno marefu. "Anatutengenezea" lina silabi 8: a-na-tu-te-nge-ne-ze-a. Mtoto anayelitafuna vipande vipande hufika mwisho ameshasahau mwanzo. Aruhusiwe kulikata mara moja, halafu bibi amwambie "sasa liunganishe", alitamke kwa pumzi moja kama tunavyosema.

Wakae upande mmoja wa mkeka, si kutazamana, kitabu kiwe juu ya mto, kidole cha mtoto chini ya neno. Dakika 15 zinatosha. Baina ya Alasiri na Magharibi mwanga bado upo. Anayekwenda madrasa saa hizo asome baada ya Isha, dakika 10 tu, maana mtoto mwenye usingizi hukosea hata anayoyajua, kisha akajiona hajui.

Na bibi mwenyewe? Asihesabiwe kuwa hajui kusoma. Anayesoma msahafu anajua kazi ya irabu: herufi ni moja, sauti inabadilika kwa fatha, kasra na dhamma, yaani alama za a, i na u. Kwa herufi za Kilatini, hizi za vitabu vya skuli, ni hivyo hivyo, ila irabu hukaa kando ya herufi badala ya juu au chini yake, na mstari huanzia kushoto. A, i na u anazo tayari. Ngeni ni e na o, pamoja na herufi ambazo Kiarabu hakina, kama p, v na g ya "gari". Mjukuu amfundishe safu moja kwa siku: ba be bi bo bu, kesho da de di do du. Kiswahili kina konsonanti 18 za herufi moja, kwa hiyo hizo ni siku 18, kisha waingie ch, sh, dh na wenzao. Mtoto anayemfundisha bibi yake husoma mara mbili bila ya kujijua. Kuna jambo moja la kuangalia: wiki za mwanzo kidole cha bibi kitaanzia kulia. Mjukuu amwekee kitone cha penseli mwanzo wa mstari.

SWALI: Nasoma kidato cha pili, Mkoani, Pemba. Bibi yangu ana hadithi nyingi, nataka kuzifanya vitabu wadogo zangu wasome. Nikimrekodi kwa simu hadithi inakuwa fupi na nyimbo zote anaziacha. Na kitabu nakishonaje?

JIBU: Mwanetu, bibi hasimulii simu. Hadithi zetu zinataka wa kuitikia: akisema "Paukwa", awepo wa kumjibu "Pakawa". Muombe ruhusa kwanza, kisha waite wadogo zako wakae mbele yake, simu iwe pembeni, kiasi cha hatua moja, juu ya kanga iliyokunjwa ili isichukue kila kishindo cha sakafu. Zima feni. Jaribu nusu dakika usikilize. Upepo ukipiga kwenye maikrofoni, utasikia ngurumo badala ya bibi.

Andika siku ile ile, na uandike yote, nyimbo na marudio. Pale maneno yanaporudi ndipo msomaji mchanga anapopumzika na kujiona hodari. Maneno ya Kipemba usiyageuze yawe ya kitabuni. Daftari la skuli lina Kiswahili chake sanifu. Hiki ni kitabu cha bibi, na wadogo zako wanataka kumsikia yeye.

Kwa hadithi ya dakika 3 au 4 chukua karatasi 4 za A4, uzikunje katikati na kuzichomeka pamoja: ni kurasa 16. Gamba liwe la manila. Nambari zitie kwa penseli baada ya kukunja, maana karatasi ya nje, ukiifungua, ukurasa wa 2 umekaa ubavuni mwa ukurasa wa 15. Wengi wanaoandika kwanza na kukunja baadaye hadithi huwachanganyikia hapo. Acha sentimita 2 kwenye mkunjo. Maneno 25 hadi 30 kwa ukurasa, na juu nafasi ya picha watakayochora wenyewe.

Kushona: toboa matundu 3 kwenye mkunjo, moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka juu na kutoka chini. Uzi sentimita 60. Ingiza sindano tundu la kati kutokea ndani, irudi ndani kwa tundu la juu, iruke la kati itoke kwa la chini, irejee ndani kwa la kati. Ncha mbili zifungwe fundo, uzi mrefu ukiwa baina yao. Vuta kufuata mkunjo; ukivuta kuelekea kwako, uzi unapasua karatasi.

Wakati wa masika usikiegemeze ukutani, kitaota ukungu. Kikilowa, kisimamishe kivulini penye upepo. Jua kali hupinda kurasa.

SWALI: Mjukuu ananiletea kitabu, nakisogeza mbali mpaka mkono umekwisha. Miwani ya sokoni inanifaa?
Babu, Makunduchi

JIBU: Shikamoo babu. Kusogeza kitabu mbali ni jambo la umri. Huanza kwa wengi baada ya miaka 40, lenzi ya jicho inapokakamaa. Miwani ya kusomea iliyo tayari, kuanzia +1.00 hadi +3.50, husaidia ikiwa macho yote mawili yanalingana. Nenda na kitabu cha mjukuu, kishike sentimita 40 kutoka usoni, uchague iliyo dhaifu kuliko zote zinazokuonesha vizuri. Ila ukiona kama moshi, taa za usiku zikatawanyika, jicho moja likapitwa na jingine, au ukiwa na kisukari, anzia kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hatibiki kwa miwani, ni upasuaji. Na presha ya macho hula uoni kimya kimya. Ukingoja siku ya kliniki, kaa karibu na mlango asubuhi, mwanga utokee nyuma ya bega, na kitabu akishike mjukuu.