Mwiba wa kupandia nguzo hauchomelewi

Usipande na hicho kitu. Kama umeshakifunga mguuni, kifungue, kiweke chini, ndipo usome.

Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu wa Malindi anavuta nyaya za intaneti kwenye nguzo za mbao katika mashamba ya watu upande wa Gede. Amechoka kubeba ngazi, akakata springi ya lori, akajitengenezea vyuma vya kufunga miguuni vyenye mwiba wa kuchoma kwenye nguzo, na sasa anauliza mambo manne. Mwiba uwe na urefu gani, mikanda ya kuvifungia miguuni iwe ya ngozi au ya nailoni, pedi ya kukinga muundi itengenezwe na nini, na je, vyuma hivyo vitafaa nguzo za zege? Maswali mazuri. Tatizo ni picha. Mwiba umechomelewa ubavuni mwa chuma, mshono umesagwa kwa grainda mpaka unang'aa, na chini yake watu wamejipanga: "kazi safi", "fundi hatari", "nitengenezee na mimi". Wanakusifu. Na mgema akisifiwa, sote tunajua afanyavyo.

Mimi niko Lamu. Kifundo changu cha mguu wa kulia kina bamba la chuma na skrubu ndani yake. Daktari alikuwa na mfupa, alikuwa na chuma, alitaka vishikane vibebe uzito wa mtu mzima, na akachagua skrubu. Hakuita mtu wa kuchomelea.

Nilifanya hicho hicho ulichokifanya wewe. Springi ileile, wazo lilelile, hata kile kiburi cha kupiga picha nilikuwa nacho. Nilimpelekea fundi mmoja hapa kisiwani, hodari kweli wa milango na grili za madirisha, nikamuuliza: hii springi itashika? Akanijibu, "Chuma ni chuma." Maneno matatu. Nimeyalipia kuliko kitabu chochote nilichowahi kununua.

Chuma si chuma, bwana. Kile cha grili ni laini, kaboni yake mara nyingi haifiki asilimia 0.25. Unaweza kukichomelea umesinzia na kitashika. Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, na imetengenezwa ipinde na kurudi, si ichomelewe. Ukiiwekea mshono ikiwa baridi, chuma kinachouzunguka mshono kinanyonya joto kwa kasi, na ule ukanda mwembamba kando ya mshono unageuka mgumu mno, unavunjika kama kigae. Mshono wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa. Pale pembeni yake, milimita chache tu, ndipo mauti yamekaa. Kwa hiyo usiniambie mshono wako ni mnene. Unene wa mshono hauhusiani kabisa na jambo hili.

Halafu kuna la pili, ambalo sisi wa pwani ndio linatumaliza. Rodi za kuchomelea hunyonya unyevu. Rodi ikikaa kwenye boksi lililofunguliwa, katika hewa hii yetu ya bahari, inabeba maji ndani ya ule unga uliopakwa nje yake. Ukiichoma, maji yanaachia haidrojeni, haidrojeni inaingia kwenye chuma cha moto, na chuma kikipoa inabaki humo. Haifanyi kitu mara moja. Inakaa, inakusanyika pale palipo pagumu, na ufa unafunguka baadaye, pengine saa kadhaa, pengine siku nzima. Wakaguzi wa mishono kwenye vyuma vigumu sana husubiri saa 48 ndipo wakague, kwa sababu wanajua ukiangalia mapema utaona mshono mzuri ambao bado haujaamua kukuua.

Mimi sikujua. Tulijaribu jioni ileile. Hatua moja kutoka chini, nikasimama kwa mguu mmoja, nikarukaruka, fundi akacheka akasema hata punda angepanda. Kushoto kukashika, kulia kukashika. Nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikaenda kazini, nikapanda mpaka usawa wa bati la nyumba, nikahamishia uzito mguu wa kulia, na mwiba ukabaki kwenye nguzo. Mimi sikubaki.

Utaniuliza, mkanda wa kiunoni je? Nilikuwa nao, na kamba imezunguka nguzo kama picha zote zinavyoonyesha. Kamba ya kawaida ya kuegemea haishiki nguzo ukiporomoka, inateremka nawe, mnashuka pamoja. Ipo ya aina nyingine inayobana nguzo yenyewe mara mguu unapokosa pa kushika, na Marekani tangu Aprili 2015 kanuni inawataka mafundi wa laini za umeme wawe na kinga ya namna hiyo hata wakati wa kupanda na kushuka, si wakishafika juu tu. Mimi nilikuwa na ile ya kuteremka nayo. Nikaikumbatia nguzo kwa mapenzi ambayo mke wangu mpaka leo anayadai. Mkalatusi mkavu una vibanzi virefu, na nguzo yenyewe ilikuwa ile ya rangi ya kijani, iliyotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Vibanzi vile vilitolewa kifuani na mikononi kimoja kimoja. Kifundo cha mguu kilipokea kilichobaki.

Mnaoijua Lamu mnajua gari haliingii vichochoroni. Nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni uliotoka kubeba saruji, vijana wakipiga kelele "njia, njia!", na wazee wa barazani wakiuliza kama nimeanguka mnazi. Mnazi ningeanguka kwa heshima. Msimu wote wa wageni nikaukalia kitandani, nyumba zote nilizokuwa nimeahidi kuziunganisha zikachukuliwa na mwenzangu mmoja ambaye siri yake ya ufundi ni ngazi.

Nilipouchukua ule mwiba baadaye nikautazama pale ulipovunjika, zaidi ya nusu ya uso wake ilikuwa na kutu. Yaani ufa ulishapita humo usiku, hewa ya bahari ikaingia, ikafanya kazi yake, na mimi asubuhi nikapanda juu ya kile kilichosalia. Nilimpelekea fundi aone. Akaniambia nilikanyaga vibaya. Sina la kuongeza juu ya mtu huyo, hili ni jukwaa la watu wenye heshima.

Sasa najua atatokea mjuaji: "Pasha chuma joto kwanza, nyuzi 200 na zaidi, tumia rodi za 7018, zile za haidrojeni kidogo, zilizotunzwa kwenye oveni, kisha fukia kwenye majivu kipoe polepole." Sahihi kabisa, mjuaji. Hivyo ndivyo inavyofanywa penye vifaa. Ila huku kwetu oveni ninayoijua mimi ni ya mkate wa mofa. Na hata ukifanya yote hayo, bado utakuwa umeweka maisha yako kwenye mshono ambao huna mashine ya kuuchungulia ndani. Kwa nini?

Tazama vya kiwandani vinavyotengenezwa. Mwiba ni kipande kimoja cha chuma kilichofuliwa, si kilichounganishwa. Unakaa kwenye chuma kinachopanda upande wa ndani wa mguu mpaka chini ya goti, na chini kinapinda kuwa kikanyagio kinachopita mbele ya kisigino cha buti. Aina nyingi mwiba unafungwa kwa skrubu au boliti, ukiisha unabadilishwa. Watu wenye kiwanda kizima cha kufua chuma na wahandisi wa kulipwa wameamua kufunga. Wewe na mimi na grainda yetu tukaamua kuchomelea.

Kwa hiyo: nunua miiba iliyofuliwa, hiyo ya kubadilishia, na uifunge. Chuma cha muundi kichongee mfereji ili mwiba uzame humo na ukae juu ya bega, yaani ukingo wa chini wa mfereji huo, uzito ubebwe na bega, boliti kazi yake iwe kushikilia tu. Boliti ziwe na alama 8.8 kichwani. Kama kichwa ni kitupu hakina alama, hiyo ni ya kufungia kitanda. Tundu la boliti usilitoboe karibu na ukingo wala pale chuma kinapopindia. Na kama kupata miiba ya kufuliwa ni shida, basi beba ngazi. Ngazi haina aibu, mwulize mwenzangu.

Urefu. Nimeona umepanga mwiba mrefu "ushike zaidi", na najua ulikoitoa, kwa sababu na mimi niliitazama video ile. Yule bwana wa video anapanda mti! Mti wenye ganda nene, na mwiba wa mti ni mrefu, milimita 70 hivi, upenye ganda ufike kwenye mbao. Nguzo haina ganda. Mwiba wa nguzo ni mfupi, inchi moja na nusu, milimita 38 hivi. Kwenye mkalatusi uliokaushwa na jua letu hauzami wote hata hivyo, na kila kinachobaki nje ni mkono wa wenzo unaoupinda mwiba kwenye shina lake. Mtu wa kilo 80 akisimama kwa mguu mmoja, sentimita 6 za nje zinaupinda mwiba kwenye shina mara mbili ya sentimita 3. Na shina lako wewe liko wapi? Pale pale penye mshono. Unaona tunavyorudi?

Tena huyo wa video anapanda magoti yamegusa mti, na hasemi neno. Goti likigusa nguzo, mwiba unalala, unakata mbao kwa nje na kuchomoka. Goti liwe mbali, nyonga nyuma, mwili uegemee mkanda, ndipo uzito wako unausukuma mwiba ndani. Na ncha usiifanye sindano. Watengenezaji wanakataza grainda kwa sababu joto linaharibu ugumu wa chuma. Ni tupa, unaipitisha kwa urefu kuelekea nchani. Ona, hata ile "kazi safi" ya kung'arisha kwa grainda ulikuwa unakiongezea joto kitu ambacho kilikuwa tayari kimeumizwa na joto.

Zege: hapana. Mwiba hauingii kwenye zege, utateleza hatua ya kwanza. Kwa zege kuna vyuma vya upinde vyenye mpira, vinavyoizunguka nguzo na kurekebishwa kwa unene wake, Wachina wanavitumia sana. Ni kifaa kingine kabisa, usijaribu kukigeuza hiki kikawa kile. Na nguzo za Kenya Power, ziwe za mbao au za zege, si zetu, kule juu kuna umeme ambao hausubiri uteleze.

Kuna mtu kakujibu kwamba wagema wanapanda minazi bila chuma chochote, kwa hiyo chochote kitafaa. Mgema anakata vidato kwenye mnazi wenyewe, kila hatua ina mahali pake pa kukanyaga, na mnazi ni wa kwake au wa aliyemkodisha. Jaribu kukata vidato kwenye nguzo ya mteja uone utalipwa nini.

Kuhusu mikanda ya miguuni nitakuja, ila kwanza tumalizane na hili la mwiba.

Rudi kwenye picha yako, uikuze. Mguu wa kushoto, upande wa chini, pale mshono unapoishia kuna mstari mweusi mwembamba. Inaweza kuwa masizi, inaweza kuwa kivuli. Safisha pale, paka mafuta ya taa, yaache yaingie, kisha ufute mpaka pakauke kabisa, halafu paka chaki nyeupe. Mafuta yakitokeza kwenye chaki kwa mstari, huo ni ufa. Yasipotokeza, hiyo haimaanishi ni salama, maana ufa mwingine hauko juu uonekane. Kwa vyovyote vile chukua grainda, mara hii kwa kazi yake halali, ukate miiba yote miwili, hata ule usio na mstari. Kisha piga picha ya vipande uiweke hapa juu kabisa, kwa sababu wale waliokwambia "nitengenezee na mimi" nao wana springi kuukuu nyumbani.