Maswali ya Wasomaji: Darasa la Imani kwa Watu Wazima

Bwana asifiwe. Darasa letu la Biblia kwa watu wazima lilianza na watu 28. Wiki ya sita tumebaki tisa. Mwalimu ni hodari, hufundisha saa nzima bila kutazama karatasi. Watu wanakimbia nini? (Mzee wa kanisa)

Shikamoo mzee. Yawezekana umeshajijibu: saa nzima. Hayo ni mahubiri ya pili, na watu wametoka kusikiliza ya kwanza muda si mrefu. Mtu mzima haji darasani akiwa debe tupu. Amezika wazazi, amelea, amedhulumiwa, amekopa akashindwa kulipa. Asipopata mahali pa kuyaweka hayo mbele ya Neno, atakaa kwa heshima wiki tatu, kisha zitaanza udhuru.

Jaribuni kipindi cha dakika 75. Kumi za kusalimiana na kusikia yaliyojiri tangu mlipoachana. Kumi za kusoma fungu mara mbili, kwa sauti za watu wawili. 15 za mwalimu. 25 za vikundi vya watu watatu au wanne. Kumi za kurudi pamoja. Tano za sala. Dakika ya 75 ikifika, fungeni, hata kama mazungumzo yamenoga. Yakinoga ndiyo vizuri, watarudi.

Katika dakika zake 15, mwalimu aeleze tu yale ambayo darasa haliwezi kuyaona kwa kusoma. Chukueni Msamaria mwema, Luka 10:25–37. Aseme kwamba barabara ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko inateremka zaidi ya mita 1,000. Kwamba dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hivyo Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni ujira wa siku mbili. Na kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Anyamaze hapo.

Swali la kupeleka vikundini ndilo huwashinda walimu wengi. "Jirani yetu ni nani?" halifai: wote watajibu "kila mtu", na mazungumzo yamekufa. Waambie watazame mstari wa 37. Yesu ameuliza ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani, na mwanasheria anajibu kwamba ni yule aliyemwonea huruma. Mbona hakutamka "Msamaria"? Hapo utasikia viti vikisogezwa. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Walimu wengi huvunja kimya baada ya sekunde mbili wakajijibu wenyewe, na darasa likajifunza kwamba hakuna haja ya kufikiri.

Tena, darasa lisilo na mwisho huchosha hata walipendalo. Tangazeni wiki nane, mfunge, mpumzike mwezi, mfungue jingine. Wale 19 nao watembelewe, ila msiwaulize "mbona mmeacha?", hilo ni swali la hakimu. Waulizeni siku ya mwisho waliyokuja kulizungumzwa nini. Sababu mara nyingi imejificha humo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu hajabatizwa, na harusi ni baada ya miezi miwili. Katekista amekataa abatizwe haraka haraka. Si anatuonea? (Bibi harusi mtarajiwa)

Milele amina. Hawaonei, dada. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima, yaani malezi ya hatua kwa hatua ya anayejiandaa kubatizwa, urudishwe, na utaratibu wake ukatolewa mwaka 1972. Una vipindi vinne: kuuliza na kufahamiana, ukatekumeni wenyewe, utakaso na mwanga, ambao kwa kawaida ni Kwaresima, kisha majuma ya baada ya Pasaka ya kuyatafakari mafumbo aliyoyapokea. Ubatizo, kipaimara na Ekaristi kwa kawaida hutolewa pamoja katika mkesha wa Pasaka. Haya hayaingii katika miezi miwili.

Ambalo huenda hamkuambiwa ni hili: mnaweza kufunga ndoa kanisani kabla hajabatizwa, mkipata ruhusa ya askofu. Wewe utaahidi kuilinda imani yako na kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Naye ataarifiwa kuhusu ahadi hiyo. Mwoneni paroko wiki hii, maana barua hizo huchukua muda. Mchumba aendelee na mafundisho kwa mwendo wake.

Katika darasa langu la ubatizo yuko mama mtu mzima ambaye nadhani hajui kusoma. Zamu yake ikifika husema amesahau miwani. Nifanyeje? (Mwalimu wa dini)

Futa zamu, mwalimu, kuanzia kipindi kijacho. Zamu ya kusoma imewafukuza watu wengi kuliko fundisho lolote gumu. Hata wanaojua kusoma hawasikilizi: kila mmoja anahesabu mistari autafute wake. Waombe watu wawili wanaopenda kusoma, siku moja kabla, ili wajiandae.

Kisha fundisha kwa masikio. Katika karne za mwanzo wakatekumeni walikabidhiwa Kanuni ya Imani kwa mdomo, wakairudisha kwa kichwa. Haikuonekana kuwa elimu ya daraja la pili. Imani ya Mitume hugawanywa vipengele 12. Viwili kwa wiki, mmemaliza kwa wiki sita. Tamka kipengele, darasa liitikie, halafu mwombe mmoja akiseme kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kimeingia; kukariri peke yake hata kasuku anaweza. Kwa hadithi za Injili, zisomwe mara mbili, mama huyo aanze kusimulia, wenzake waendeleze. Usishangae akiwazidi, kwani kumbukumbu yake haijazoea kuegemea karatasi.

Na waketi vizuri. Karibu mwaka 400, askofu Augustino wa Hippo alimshauri Deogratias, shemasi wa Kartago, kwamba msikilizaji aliyechoka kusimama apewe kiti. Kama kweli ni miwani, chapisha fungu kwa herufi za ukubwa wa 16 na kuendelea.

Mwanafunzi aliniuliza Kaini alimpata wapi mke. Nikababaika, darasa likacheka. (Mwalimu mpya)

Sema "sijui, nitarudi nalo wiki ijayo", liandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyeuliza, na kweli urudi nalo. Anayebuni jibu papo hapo hugunduliwa, na siku hiyo hata majibu yake ya kweli huanza kutiliwa shaka.

Kwa hili la Kaini: Mwanzo 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume na wake, na jibu la wengi tangu zamani ni kwamba alioa dada yake. Wako wanaozisoma sura hizo kwa namna nyingine, wakisema mwandishi hakukusudia kuorodhesha watu wote waliokuwapo. Toa yote mawili, kisha mwulize aliyeuliza kilichomfanya aliwaze. Huenda anachotaka kujua ni kama Biblia inaaminika, na hilo linahitaji kipindi kizima, si dakika tatu za mwisho watu wakiwa wameshashika mikoba.