Duka Limenipunguzia Kikomo Ingawa Halinidai Hata Senti

Mdogo wangu, swali uliloliuliza kwenye kundi la ukoo nimelisoma, na maneno ya mjomba yaliyofuata nimeyasoma pia. Uliuliza hivi: "Kaka, unasema duka la nguo limekupunguzia kikomo cha kadi, ndiyo maana mchango wa harusi ya dada umekuwa dola 100 badala ya 500. Kwani duka ni benki? Na kama hawakudai, wamekuharibia nini?" Mjomba akaongeza kwamba watu wa Marekani hatuishiwi visingizio. Kwa kuwa mjomba ndiye aliyenisindikiza hadi uwanja wa ndege siku ninaondoka, na ndiye aliyenipa nauli ya basi la kutoka Tanga, namjibu kwa heshima zote, lakini namjibu kwa hesabu.

Kadi yenyewe niliichukua mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2019, wiki ile baridi kali kutoka kaskazini iliposhuka hadi huku Ohio na mimi nikiwa na jaketi la kuvalia Lushoto. Niliingia dukani nikachagua koti la dola 84. Pale kwenye malipo, binti wa kaunta akaniuliza kama ningependa kupunguziwa asilimia 15 kwa kufungua akaunti ya duka, nami nikakubali bila kuelewa ninachokubali. Nikabonyeza namba yangu ya hifadhi ya jamii, ambayo huku ndiyo humtambulisha mkopaji, kwenye kimashine, nikataja kipato changu cha mwaka, na kabla hajamaliza kulikunja koti, karatasi ilitoka ikisema nimekubaliwa kukopa hadi dola 300, na hicho ndicho kikomo. Niliokoa dola 12 na senti 60, nami nikajiona mjanja.

Lazima uelewe kwa nini mgeni huipokea kadi ya namna hiyo kwa mikono miwili. Ukifika huku, mwenendo wako wote wa kulipa madeni nyumbani haukufuati. Hata kama mkopo wako wa benki ya Tanzania uliurejesha wote bila kuchelewa siku moja, kwa Wamarekani wewe ni ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu hukataliwa nyumba ya kupanga, huombwa amana kubwa na kampuni ya umeme, na hutozwa bima ya gari kwa bei ya juu. Wengine huanza na kadi ya dhamana, ambayo unaiwekea benki fedha zako mwenyewe, mara nyingi dola 200 au zaidi, ndipo ikuruhusu kukopa kiasi hicho hicho. Kadi za maduka hutolewa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo wengi wetu wabeba boksi tulianzia huko.

Sasa nije kwenye swali lako, kwani duka ni benki? Duka si benki, ila nyuma ya kadi ya duka pana benki. Kadi ya Target, kwa mfano, hutolewa na TD Bank, na lile duka langu, ambalo si Target, nalo lina benki yake. Benki hiyo, kila mwezi, hupeleka habari za akaunti yangu kwenye taasisi tatu zinazotunza taarifa za wakopaji, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Kinachoandikwa humo ni tarehe ya kufungua akaunti, kikomo cha kukopa, deni lililopo, deni kubwa lililowahi kufikiwa, na kama nimelipa kwa wakati. Kwa taarifa hizo hukokotolewa alama za kuonyesha unavyoaminika kukopeshwa, zikiwa juu ndivyo bora, na zinazotumika zaidi ni zile za kampuni ya FICO, ambazo huanzia 300 hadi 850. Uaminifu wa kulipa hubeba asilimia 35 ya alama hizo. Kiasi unachodaiwa hubeba asilimia 30. Yaliyobaki hugawanywa kati ya umri wa akaunti, maombi mapya ya mikopo na mchanganyiko wa aina za mikopo.

Tatizo langu limekaa kwenye ile asilimia 30. Ungedhani kwamba wanaangalia deni tu, lakini wanaangalia deni likilinganishwa na kikomo. Unakumbuka hesabu za sehemu darasa la nne, kiasi juu na asili chini? Deni ni kiasi, kikomo ni asili. Mimi nilijifunza kutokikuza kiasi, na hilo nililifanya vizuri. Ambalo sikulifikiria ni kwamba asili haiko mikononi mwangu, na mwenye nayo anaweza kuipunguza usiku nimelala.

Kwa miaka mitatu nililipa kila ankara, na benki ya duka ikawa inanipandishia kikomo bila kuombwa: kutoka 300 kikafika 800, kisha 1,500, mwishowe 2,500. Koti moja linatosha, kwa hiyo baadaye kadi ile niliiacha kwenye droo. Kadi yangu ya pili, ambayo ni ya benki ya kawaida, ina kikomo cha dola 1,500, na ndiyo niliyolipia tiketi nilipokuja kumzika bibi. Mwezi wa tisa nilikuwa nimebakiza deni la dola 900 kwenye kadi hiyo, na kwenye ya duka sikudaiwa kitu. Jumla ya vikomo ilikuwa dola 4,000, kwa hiyo nilikuwa nimetumia asilimia 22 na nusu ya uwezo wangu wote, na alama zangu zilikuwa 724.

Nilikuwa kwenye mapumziko ya saa nne usiku pale ghalani ninapofanya kazi, chai mkononi, simu ikaniletea ujumbe kwamba alama zangu zimeshuka hadi 689. Wazo la kwanza likawa kwamba nimeibiwa. Nilifungua taarifa nikaipekua mstari kwa mstari, na sikuona deni jipya wala malipo yaliyochelewa. Nilichoona ni kwamba kikomo cha kadi ya duka, ambacho mwezi uliopita kiliandikwa 2,500, sasa kimeandikwa 500. Barua ilifika siku tano baadaye, karatasi moja tu, ikisema kwamba akaunti yangu imepitiwa na kikomo kimerekebishwa kwa sababu haijatumika muda mrefu. Fanya hesabu mwenyewe: vikomo sasa ni dola 2,000, deni ni lile lile 900, na asilimia imekuwa 45. Mimi sijakopa, sijachelewa, ila kwa mashine inayokokotoa nimegeuka kutoka mtu mwenye nafasi ya kupumua na kuwa mtu aliyekaribia nusu ya uwezo wake.

Nisikufiche, kosa langu nami lilikuwepo. Alama huangalia jumla ya kadi zote na pia kadi moja moja, na ile kadi ya benki peke yake ilikuwa imeliwa asilimia 60 tangu mwanzo. Kikomo kikubwa cha duka kilikuwa kimenifunika kama khanga, na kilipoondolewa nikaonekana nilivyo. Hata hivyo utaratibu huu una ukakasi wake. Sheria ya Marekani ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 45 kabla ya kukutoza faini kwa kuvuka kikomo kipya kilichopunguzwa, lakini haimlazimishi kukuambia mapema kwamba anakipunguza. Na si kwamba wanakulenga wewe binafsi: mwaka 2008 na 2009 uchumi ulipoanguka, na tena 2020 korona ilipoingia, wakopeshaji wengi walipunguza vikomo vya watu ambao hawakuwa wamechelewa kulipa hata mara moja.

Ungeweza kusema, alama ni namba tu, waache washushe. Ingekuwa hivyo kama gari langu lisingekufa wiki ile ile. Ghala ninalofanya kazi liko maili 19 kutoka ninapolala, na zamu ya usiku huisha basi likiwa halijaanza kupita. Nilikuwa nimepata gari la mtumba, nakopa dola 14,000 kwa miaka mitano, na afisa wa mikopo alikuwa amenitajia riba ya asilimia 7.9. Alipochungulia tena alama zangu, zikiwa chini ya 700, akanihamishia daraja la chini, na riba ikawa asilimia 10.4. Tofauti ni dola 17 kwa mwezi, ambazo kwa miezi 60 ni zaidi ya dola 1,000. Hizo, mjomba, ni karibu ng'ombe wawili, na ningemlipa mtu kwa sababu ya kadi niliyoinunulia koti.

Ndipo ulipokwenda mchango. Nilikuwa nimetenga dola 500 kwa ajili ya harusi. Nilituma 100, nikachukua 400, nikaongeza 250 za saa za ziada, nikazilipa zote kwenye kadi ya benki kabla ya tarehe 14 ya mwezi, maana ankara yangu hufungwa tarehe hiyo na deni linaloonekana siku hiyo ndilo linalopelekwa kwa zile taasisi tatu. Hili wengi hawalijui: unaweza kulipa kila kitu kwa wakati na bado ukaonekana una deni kubwa, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kulipa huja wiki tatu au zaidi baada ya ankara kufungwa. Deni likabaki 250, asilimia 12 na nusu ya vikomo vyote, na baada ya wiki mbili alama zikasoma 731. Nimerudi kwa afisa yule na riba ya awali nimeipata. Alama za namna hii hazina kinyongo. Nyingi kati yake huangalia hali ya mwezi huu na kusahau ya mwezi uliopita, tofauti na malipo yaliyochelewa siku 30, ambayo hukaa kwenye taarifa miaka saba.

Siku barua ile ilipofika nilitaka kupiga simu niifunge akaunti, kwa hasira tu, kama mtu anayesusia duka la Mangi kwa sababu kamkatalia kukopa kwa daftari. Bahati nzuri mke wangu akanizuia. Kuifunga kungeniondolea hata zile 500 zilizobaki, na deni la 900 juu ya kikomo cha 1,500 ni asilimia 60. Kususa kungenigharimu mimi, duka lisingetambua. Nilichofanya ni kwenda kununua soksi za dola 9 kwa kadi hiyo na kulipa wiki hiyo hiyo, na nitafanya hivyo kila baada ya miezi michache ili isionekane imelala.

Najua unalinganisha na Songesha ya huko nyumbani, ile huduma ya M-Pesa ya kukukopesha salio linapopungua. Songesha ikikupunguzia kiwango, hasara yako ni kwamba leo huwezi kuongezea pale salio lilipokupungukia, na jambo linaishia hapo kati yako na mtandao. Huku kikomo ambacho mkopeshaji mmoja amekupa husomwa na wakopeshaji wengine wote, kwa hiyo mmoja akirudi nyuma hatua moja, wengine nao wanakutazama kwa jicho jingine.

Kwa kuwa uliwahi kujaza fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikuambie na upande wa pili. Kikomo kikipandishwa alama hunufaika, mradi deni lisipande nacho. Lakini ukiomba wewe mwenyewe kupandishiwa, uliza kwanza kama benki itachungulia taarifa yako kwa namna inayoacha kumbukumbu kwenye taarifa, kwa sababu kila uchunguzi wa namna hiyo hukaa humo miaka miwili na unaweza kukupunguzia pointi chache. Kadi changa ya duka yenye kikomo cha 300 nayo ina mtego wake: ukinunua viatu na suruali za dola 250, umeshatumia asilimia 83 ya kadi hiyo, na utaonekana mtu aliyebanwa kumbe umenunua nguo za kazini tu. Riba zake ni za kutisha, zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka si jambo la ajabu, na zile ahadi za "bila riba miezi 12" zina kipengele kwamba ukibakiza hata dola moja siku ya mwisho, unaweza kutozwa riba yote kuanzia siku uliyonunua. Na ukiona kikomo kimeandikwa kimakosa kwenye taarifa, peleka pingamizi. Taasisi husika kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Taarifa zenyewe unaweza kuzisoma bure kila wiki kutoka taasisi zote tatu, nami sasa huzisoma kila Jumapili baada ya kuongea na mama.

Mwambie mjomba dola 400 zilizobaki zitafika mwezi ujao, baada ya tarehe 14. Harusi itakuwa imepita, najua, lakini deni la turubai na viti nimesikia bado lipo.