Anza na Njaa Yao: Kubuni Makundi ya Vampaya kwa Michezo ya Kutisha ya Mezani

Katika michezo hii ya mezani, kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mwendesha mchezo husimulia hadithi na kuigiza waliobaki, maadui wakiwemo. Mwendesha mchezo akiniletea kundi lake jipya la vampaya nilitazame, naruka jina, nembo na zile kurasa za historia ya karne tisa. Natafuta jambo moja: hawa wanamla nani, na damu ya usiku wa leo itawafikiaje? Mara nyingi jibu halipo. Kuna bwana mkubwa mwenye joho, kuna watoto wake watatu wanaochukiana, kuna ngome juu ya jabali, ila damu inatoka hewani. Kundi la aina hiyo linasomeka vizuri, lakini mezani halina kazi zaidi ya kukaa likisubiri wachezaji waje kulivamia.

Mimi hubuni njaa kwanza. Uadui wao, miiko yao, hata mavazi yao, nayapata humo.

Tupige hesabu kidogo, maana raha yenyewe imo humo. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Anayejitolea damu hutolewa karibu mililita 450, kisha hutakiwa apumzike wiki 8 kwa uchache. Kwingine hudaiwa wiki 12 au 16. Akipoteza zaidi ya asilimia 40 kwa mkupuo, yaani lita 2 na ushei, asipopata msaada wa haraka atakufa. Sasa tuseme vampaya wako anahitaji nusu lita kila usiku. Akitaka kula bila kuua, na kila mtu apumzishwe siku 56, lazima awe na watu 56 wa kuwazungukia kwa zamu. Kundi la vampaya 12 linahitaji watu 672 walio hai, wenye afya, wasiohamahama na wasiopayuka. Wakiamua kuua, hata wasipomwaga tone moja, watamaliza watu 438 kwa mwaka. Mji wa watu 20,000 huzika watu 160 hivi kwa mwaka katika hali ya kawaida. Hapo mazishi yatakuwa karibu mara nne, na hakuna polisi mvivu kiasi cha kutoliona hilo.

Hiyo nusu lita si amri. Punguza, ongeza, au waache wale mara moja kwa wiki. Lakini andika namba, kwa sababu ukishaiandika maswali yanakuja bila kuitwa. Daftari la zamu analishika nani? Mtu akiugua, nafasi yake inajazwaje? Kijana anayetaka kuhama mji anaambiwa nini? Na akiongezeka vampaya wa 13, watu wengine 56 watatoka wapi? Katika Vampire: The Masquerade, mchezo uliotoka mwaka 1991, kuumba vampaya mpya bila ruhusa ya mkubwa ni kuvunja mojawapo ya mila sita. Waendeshaji wengi huiga sheria hiyo bila kuuliza sababu. Wachezaji wakiona daftari, na wakakuta ukurasa wa yule wa 13 bado mweupe, hawahitaji kuelezwa kwa nini bwana mkubwa amekasirika.

Watu hao wa kuliwa mimi huwaita zizi. Aina ya zizi ndiyo inayoamua aina ya uovu.

Zizi ninalolipenda kuliko yote ni la ukoo. Kabla waandishi wa karne ya 19 hawajamvisha vampaya nguo za kikabaila, vampaya wa vijiji vya Balkani alikuwa mkulima aliyezikwa juzi, na aliowafuata walikuwa ndugu na majirani zake mwenyewe. Petar Blagojević wa Kisiljevo, Serbia, aliyefukuliwa mwaka 1725 mbele ya ofisa wa serikali ya Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, hakuwa na cheo wala kasri. Mwaka 1892 huko Exeter, Rhode Island, kifua kikuu kilikuwa kinaiteketeza familia ya Brown. Maiti ya binti yao Mercy ikafukuliwa, moyo wake ukachomwa, na majivu yake akanyweshwa kaka yake mgonjwa, ambaye hata hivyo alikufa. Hofu yote ile ni ya ndani ya nyumba: anayekumaliza mmezaliwa tumbo moja.

Humo nilitoa kundi ambalo wachezaji wangu hulitaja hadi leo. Ni vampaya wanaoweza kunywa damu ya vizazi vyao tu. Damu ya mgeni wanaitapika. Kwa hiyo hawamteki mtu barabarani. Wanachohitaji ni ndoa, watoto na chanjo. Wanalipa karo, wanawatafutia vijana kazi karibu na nyumbani, wanaleta madaktari bora, na hakuna mjukuu aliyewahi kulala njaa. Binti akipata kazi nchi ya mbali, mwajiri anabadili nia ghafla bila maelezo. Asiyetaka watoto anaitwa na wazee, anaongeleshwa kwa upole usiku kucha. Wachezaji walipoingia kwenye ile nyumba kubwa walitarajia mateka waliofungwa minyororo. Walimkuta bibi mnene, mwenye afya, akawauliza kwa nini wanataka kumvunjia familia. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Ubaya wa watu wale haujifichi ukiangalia vizuri, kwa kuwa wema wao wote unapimwa kwa mililita, lakini wachezaji wanalazimika kuufikia wenyewe. Na ukitaka kuwakosesha usingizi, mmoja wa wahusika wao awe mjukuu. Mwulize mchezaji mwanzoni kabisa nani alimlipia masomo mhusika wake, uandike jibu, unyamaze.

Zizi la pili ni la jokofu, na hapa kipindi cha hadithi yako kina uzito. Damu ikitoka mwilini huganda ndani ya dakika chache. Sitrati ya kuizuia isigande ilianza kutumika kumwongezea mgonjwa damu mwaka 1914, na benki ya damu ya hospitali ya Cook County, Chicago, ilifunguliwa mwaka 1937. Hadithi yako ikiwa ya miaka ya 1890, hakuna akiba. Kila mlo una uso na jina. Ikiwa ya leo, seli nyekundu hudumu siku 42 zikihifadhiwa kati ya nyuzi 1 na 6, na vampaya anaweza kupitisha miaka bila kumwona anayemnywa. Kundi la hivyo huwa na adabu, linamiliki zahanati, linafadhili kampeni za uchangiaji damu, na linaogopa jambo moja tu, nalo ni umeme kukatika. Wachezaji wangu waliwahi kulipigisha magoti bila kigingi wala msalaba. Walitia maji kwenye dizeli ya jenereta, wakakata nyaya, wakakaa ndani ya gari wakingoja. Akiba ilipoharibika, mabwana wa zahanati wakaanza kutoka nje mmoja mmoja, wameshasahau kuwinda, wakijikwaa gizani. Nilikuwa nimeandaa takwimu za mapigano kurasa kadhaa. Hazikuguswa, na kilikuwa kikao kizuri.

Kuna pia wawindaji wa wapita njia, wa bandarini, stendi na nyumba za wageni. Wanafaa kwa vikao vichache tu. Hawana zizi la kulinda, wakibanwa wanahama, na adui anayeweza kuondoka wakati wowote hachoshi akili ya mchezaji.

Makundi mawili yanatosha kwa hadithi ndefu. La tatu liwepo kwa fununu. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nasi tufanye hilohilo kusudi: mazizi yao yaingiliane kwa mtu mmoja. Mjukuu wa lile kundi la ukoo aende kuchangia damu kwenye zahanati ya wenye jokofu. Kwa wenye jokofu ni chupa moja kati ya nyingi. Kwa wazee wake ni wizi ndani ya nyumba. Umeshapata vita, na hujamtaja mfalme, unabii wala pete ya kale.

Udhaifu wao uchague kwa jicho hilohilo. Wengi hudhani kufa kwa jua ni sheria ya tangu na tangu, kumbe ilienezwa na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Dracula, vampaya wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, anatembea mchana ingawa nguvu zimempungua. Kwa hiyo uko huru. Mimi huuliza kama udhaifu huu unamlazimisha vampaya kumtegemea binadamu. Kitunguu saumu hakimlazimishi. Atakikwepa tu, basi. Kutoweza kuingia nyumba asiyokaribishwa kunamlazimisha, kwa sababu lazima awepo dalali, mchungaji au mpangaji wa kumfungulia mlango. Udongo wa kwao wa kulalia unamlazimisha zaidi. Dracula alipohamia Uingereza alihitaji mwanasheria wa kumnunulia nyumba na wachukuzi wa kumsafirishia masanduku 50 ya udongo, na masanduku hayohayo ndiyo yaliyowapa maadui zake njia ya kumfuatilia.

Hapo umeshawapata watumishi, na watumishi wanastahili muda wako kuliko mabwana zao. Katika vikao vya mwanzo wachezaji watakutana na dereva, karani, muuguzi wa usiku na mwenye nyumba. Wape sababu za kawaida. Asiwe mwabudu giza mwenye kicheko cha ajabu. Awe mtu aliyeponyeshwa mtoto, au mwenye deni, au aliyeanza kwa kazi ndogo ya kupeleka kifurushi akashindwa kuacha. Mbunifu wa michezo Kenneth Hite, katika mchezo wake Night's Black Agents (2012), anaupanga mtandao mzima wa vampaya kama piramidi, wachezaji wakipanda kutoka vibaraka wa mtaani hadi kileleni. Naupenda mpango huo kwa sababu ushahidi una mahali pa kwenda. Ila mimi huchora mishale ikifuata damu: kutoka kwa mtoaji, kwa anayeisafirisha, kwa anayeihifadhi, hadi kwa anayekunywa. Kila mshale ni mtu anayeweza kuhojiwa, kuhongwa, kuokolewa au kuuawa usiku uleule.

Hadithi nayo ianze siku zizi limepungua. Homa imepita mjini, au kiwanda kimefungwa na watu wanahama, au kuna mtu ameumba vampaya wa 13 kwa siri. Kundi lililoshiba miaka 200 halina sababu ya kukosea wiki hii. Lenye upungufu linakosea: linachukua watu mapema kabla ya zamu yao, watu wanaanza kuzimia kazini, na muuguzi mmoja anaona rekodi za upungufu wa damu zimejaa mtaa mmoja. Andika wataongeza nini kila wiki kama wachezaji hawakuingilia, kisha lifanye kweli. Wachezaji wakipoteza wiki nzima kumfuata mtu asiyehusika, wakirudi wakute mambo yameharibika zaidi.

Kabla ya yote hayo, ulizeni mezani nini hakitaguswa. Vampaya hubeba mambo mazito ya kulazimishwa, miili kutumika bila ridhaa, na familia zinazoumiza, na lile kundi la ukoo linaweza kumgusa mtu pabaya bila wewe kujua. Yako mambo ambayo hayatakuwepo kabisa, na yako yatakayotokea bila kusimuliwa. Mazungumzo hayo ni mafupi, na yanakupa uhuru wa kutisha kweli kwenye yaliyobaki.

Wachezaji wakilivunja kundi, usilifunge daftari. Kuna mamia ya watu waliokuwa wakilishwa, wakitibiwa na kulindwa, na kundi jirani limeshasikia kwamba zizi halina mwenyewe. Wajukuu ambao karo zao zimekatika si wote watakaoshukuru. Kikao kinachofuata nakianzia kwa mlinzi wa zamani wa nyumba ile, aliyezeeka miaka 30 kwa wiki moja, akija kuuliza sasa zamu anazipanga nani. Mpe jina na mtaa anakoishi mapema, maana wachezaji watamwuliza, na wataenda.