Kwa wewe unayeanza kazi ya ustawi wa jamii hospitalini Kisumu

Kabla hujazoea ofisi, jua nani anamwajiri nani. Tangu ugatuzi uanze 2013, wauguzi na madaktari wengi unaokutana nao wako chini ya kaunti. Afisa wa watoto na afisa wa maendeleo ya jamii wamebaki chini ya serikali kuu. Wote wanamhudumia mtoto yuleyule wa Nyalenda, ila bajeti, wakubwa na ripoti ni mbali mbali. Gari la upande mmoja likikosa mafuta, upande wa pili hauna fungu la kuliwekea hata ukitaka. Wapya hudhani ni kiburi. Kiburi kipo, sikatai, lakini si mara nyingi kama unavyoambiwa.

Chukua kadi ya ulemavu. Uchunguzi hufanyiwa hospitalini, usajili ni wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hospitali ikishachunguza huona imemaliza; Baraza nalo hungoja ripoti. Katikati yuko mama aliyetoka Nyakach kwa nauli ya kukopa, mtoto mgongoni, anaambiwa ripoti haijaonekana. Kwa hiyo ukimwandikia mtu rufaa, piga simu angali amekaa mbele yako. Uliza nani yuko zamu, uchunguzi ni siku gani, aje na nini. Mwandikie hayo nyuma ya karatasi, na wiki ijayo uulize kama alifika. Daftari la rufaa zilizotoka tunalo sote. La waliofika, mh, utalitafuta sana.

Aliyebakwa ni habari nyingine. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, basi atibiwe kwanza. Usikubali arudishwe kituo cha polisi eti alete fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, ndipo aonwe.

Kuhusu siri: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikukatazi kuzungumza na afisa wa watoto. Mwombe mgonjwa idhini, kisha toa kinachohitajika tu. Afisa anayetafuta wa kumpeleka mtoto kliniki anahitaji kujua mama hawezi kutembea. Majibu ya vipimo vya mama hayamsaidii kitu.

Na ile orodha ya mashirika iliyobandikwa ukutani, usiiamini. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, miradi mingi ya VVU na ya watoto yatima huku Nyanza iliyumba, mingine ikafungwa. Pigia kila namba kabla hujamtuma mtu huko.