Viatu kwanza, sanduku baadaye

Dada, umeuliza ujiandae vipi kwa safari ya meli kwenye mto Danube, huko Ulaya, pamoja na mwongoza watalii. Anza na viatu. Mitaa ya miji ile ya kale imetandazwa mawe, na mvua ikinyesha yanateleza kweli. Vaa vya soli ya mpira ulivyokwisha kuvizoea, tafadhali usinunue vipya wiki ya safari.

Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama meli inapita Serbia kisha inarudi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Serbia haimo Schengen. Hapo wengi hukwama.

Sanduku laini litaingia chini ya kitanda; vyumba ni vidogo. Jioni funga pazia: gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, unaweza kuamka ukatazamana na abiria wa meli ya jirani.

Halafu soma bima yako vizuri. Maji ya mto yakipungua mno au mto ukifurika, meli huweza kusimama na mkahamishiwa kwenye basi.